Viatu Kando ya Duara

Usiku mmoja wa mwezi uliopita, saa nne imekwisha kupita na mji wa Shinyanga umetulia, simu yangu ililia, na mpigaji alikuwa mpwa wangu, ambaye huangalia kompyuta za muuza vifaa vya uchimbaji huko Katoro, mkoani Geita. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbio. “Shikamoo mjomba,” alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaendelea: “Diski ya seva imejaa. Nimefuta faili kubwa kuliko yote, na bado mashine inasema imejaa. Nataka niende nikate umeme ukutani, nione itafanya nini.” Nilimjibu kwamba asikate umeme, na kwamba kabla ya kugusa kitu chochote aiulize mashine nani yumo ndani. Alinyamaza kitambo, kwani alidhani namwambia kwamba duka limeingiliwa na mwizi. Kisha akacheka, akaniomba nimwambie taratibu.

Nilimtajia neno la herufi nne, lsof, na namna ya kuliandika, nikamwachia kazi yake. Lakini mimi mwenyewe usingizi ulikuwa umekwisha kuniaga. Nilitoka nikakaa barazani, na miaka niliyoitumia baina ya Shinyanga, Kahama na Geita nikitengeneza kompyuta za watu ikaanza kunirudia mmoja mmoja, kama wageni wanaokuja matangani. Nilizaliwa Pangani, ambako bahari ndiyo humfunza mtu adabu. Lakini elimu niliyokuwa nikiifikiri usiku ule niliipata bara, katika nchi ya pamba na dhahabu, na mwalimu wangu wa kwanza katika elimu hiyo alikuwa amri hiyo fupi, ambayo kazi yake yote ni kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa na kumtaja kila aliyeyashika.

Niliijua kwa fedheha. Mwaka 2009 niliitwa katika ofisi ya mnunuzi mmoja wa pamba hapa mjini, ambaye alikuwa anapeleka hesabu zake Mwanza katika diski ya kuchomeka, na basi la kuipeleka diski hiyo lilikuwa limekwisha kuwasha injini stendi. Nilimaliza kunakili, nikaiamuru mashine iiachie diski, nayo ikakataa, ikinieleza kwamba diski inatumika. Niliwageukia makarani watatu waliokuwa mle, nikawaambia wafunge kazi zao. Wakafunga. Mashine ikakataa tena. Nikawaambia kwa sauti kavu zaidi wafunge kila kitu, na mama mmoja wa makamo, ambaye alikuwa amekwisha kufunga mara mbili, akafunga mara ya tatu bila ya kunena neno. Mashine ikashikilia msimamo wake. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuishika waya ili niing'oe diski kwa nguvu, jambo ambalo huweza kuyavunja maandishi yaliyokuwa hayajatua sawasawa, pale fundi mwenzangu wa Dar es Salaam niliyempigia simu aliponisihi niandike lsof, kisha nifuatishie mahali diski ilipopachikwa.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Katika safu ya programu palikuwa na bash, ambayo ndiyo programu inayopokea amri tunazoziandika. Katika safu ya mtumiaji palikuwa na jina langu. Na katika safu ionyeshayo namna ya ushikaji palikuwa na herufi cwd, maana yake ni kwamba mtajwa amesimama ndani ya saraka ile na kuifanya makao yake ya kazi. Nilikuwa nimeingia ndani ya diski ili ninakili, nikasahau kutoka, na kutoka huko huko ndani nilikuwa nikiwakaripia watu wasiotoka. Nilipomtaka radhi yule mama, alinitazama akasema, “Kumbe baba, ulisimama mlangoni ukituuliza nani kaziba mwanga.” Basi la Mwanza lilikuwa limekwisha kuondoka. Tangu siku ile, kila palipozuka kizuizi katika kazi yangu, nimejitahidi orodha ya washukiwa ianze kwa jina langu, na mara nyingi kuliko nipendavyo kukiri, haikuhitaji kuendelea mbali.

Yafaa hapa nimweleze msomaji asiye fundi jinsi jambo hili lilivyo, kwa sababu bila ya hayo visa vinavyofuata vitamwia kiza. Mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, na ambao Linux ya leo imefuata nyayo zake, ulijengwa juu ya kaida moja ya ajabu: kwamba karibu kila kitu kihesabiwe kuwa faili. Waraka ni faili, diski ni faili, kibodi ni faili, na hata mazungumzo baina ya kompyuta ya Geita na kompyuta ya London hushikwa na programu kama ishikavyo faili. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuuliza nani ameshika faili gani ameuliza, kwa swali moja, habari za nyumba nzima. Chombo cha kuuliza hivyo kilitungwa na Victor Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue, huko Indiana, ambaye alikilea kwa miaka mingi kabla ya wengine kuipokea dhima hiyo. Nacho hutoa orodha yenye jina la programu, namba ya mchakato, mtumiaji, namba ya kishikio, aina ya faili, ukubwa wake, na mwishoni jina lake.

Nimesema jina mwishoni, na si kwa bahati. Katika mifumo hii jina la faili ni kitu kimoja, na mwili wake ni kitu kingine. Jina ni kibao tu kilichotundikwa katika saraka kumwelekeza mtu mwili ulipo. Na amri ya kufuta, ambayo sisi hudhani inateketeza, hufanya kazi moja tu ya kukiangua kile kibao. Mwili huondoka pale tu jina la mwisho linapokwisha kuanguliwa na mshikaji wa mwisho anapokwisha kuachia. Akiwapo hata mmoja aliyelifungua faili kabla halijafutwa, ataendelea kusoma na kuandika kama kwamba hakuna lililotokea, na nafasi ya diski itaendelea kukaliwa na kitu ambacho jicho la kawaida halikioni.

Kanuni hiyo niliijua vitabuni. Niliyaonja makali yake Geita mwaka 2013, wakati ambapo Geita ilikuwa mkoa mchanga, uliotangazwa mwaka uliotangulia, na kila mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu alikuwa akitafuta kompyuta ya kuandikia hesabu zake. Mmoja wao aliniita kwa kuwa mashine yake ilijaa. Mjumlisho wa mafaili yote yaliyoonekana haukufikia hata nusu ya diski, na huku kipimo cha diski yenyewe kilionyesha kwamba hapakubaki nafasi ya kuandika herufi moja. Kijana aliyenitangulia alikuwa amekwisha kufuta kumbukumbu ndefu ya matukio, ambayo programu ya hesabu ilikuwa ikiiandika usiku na mchana. Alifuta akaona haitoshi, akafuta vingine vilivyokuwa na faida, na tajiri kwa kukata tamaa alikuwa amekwisha kutuma fedha Mwanza akanunuliwe diski mpya. Niliiamuru lsof inionyeshe mafaili yaliyoshikwa ilhali hayana jina tena. Ikaniletea lile la matukio, limeandikwa pembeni kwamba limefutwa, nalo lilikuwa limechukua zaidi ya nusu ya diski na lingali likinenepa. Tukaifunga programu ile kwa utaratibu na kuiwasha upya, na pumzi ikairudia mashine mara moja.

Tajiri yule alicheka, akasema kwamba mambo hayo hayakumshangaza mtu wa Geita. Mgodi mkubwa wa zamani wa pale ulifungwa mwaka 1966, vitabu vikafungwa na mashine zikanyamaza. Lakini wenyeji walijua kwamba dhahabu haikufungwa pamoja na vitabu, na watu waliendelea kuifuata kwa sururu na karai mpaka mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Aliyeifuta Geita katika daftari lake alikuwa ameifuta katika daftari lake tu. Nami nimeona mambo ya namna hiyo katika maisha ya watu: deni likafutwa kwa maneno na kinyongo kikabaki kimelala palepale pake, mtu akaachishwa kazi na ufunguo wa ghala ukabaki mfukoni mwake, na wote wakashangaa kwa nini nafasi haipatikani.

Mwaka uliofuata kazi ilinipeleka Rwamgasa, na huko, nikingojea mafuta ya jenereta, nilikaa karibu na duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo. Pembeni ya mdomo wa duara palipangwa jozi za viatu vya plastiki, vile ambavyo watu huviita yeboyebo, na mzee mmoja aliketi juu ya gogo la matimba akivitazama kama mtu anayelinda kitu cha thamani. Nilimwuliza kwa nini havikuwekwa kivulini. Alinijibu kwamba wanaoshuka huvua yeboyebo na kuvaa buti, na wakipanda huvua buti na kuchukua yeboyebo. Kwa hiyo yeye, ambaye macho yake hayawezi kusoma daftari, hujua kwa kuhesabu jozi ni wangapi wangali chini. Palikuwa na daftari pia, alisema, na karani wa zamu. Lakini karani huweza kumfuta mtu kwa kukosea au kwa kuchoka, na viatu havimfuti mtu. “Duara likianza kulia,” aliniambia, akimaanisha ule mlio wa miti inayolemewa na udongo, “mimi sikimbilii daftari. Nakimbilia viatu.”

Sikuwa na la kumjibu ila kumwambia kwamba katika kazi yangu nami nina kitu mfano wa viatu vyake. Maneno yake nilikuja kuyaelewa sawasawa mwaka 2015, katika habari iliyoitikisa nchi yetu yote. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ardhi iliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji sita wakafungiwa chini. Siku zilipita, kisha majuma, na wengi walikwisha kukata tamaa, mpaka katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano walipotolewa wakiwa hai, mwenzao mmoja akiwa amekwisha kufariki humo humo. Walikuwa wameishi kwa maji yaliyopenya mwambani, na kwa mizizi, vyura na mende. Nilikuwa Kahama siku zile, na nakumbuka jinsi sokoni watu walivyosimama makundi makundi wakinong'ona, kama waliokuwa wakiogopa kwamba sauti ikipanda habari itageuka. Mimi niliwaza juu ya mdomo wa shimo lile: ya kwamba laiti mtu angeupita katika siku ya ishirini au ya thelathini, macho yake yangemshuhudia kwamba pamekwisha, ilhali chini pangali na mikono iliyoshikilia.

Haikupita miezi miwili nikaitwa mahali pamoja palipopimwa mawe ya wachimbaji, mjini Kahama. Karani kijana alikuwa amelifuta daftari la mizani la mwezi mzima, akidhani ni nakala ya zamani. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na nje walikaa watu wenye stakabadhi mikononi wakingojea hesabu zao. Mkubwa wa mahali pale, ambaye kama wakubwa wengi wa kanda ile aliamini kwamba kila ugonjwa wa kompyuta tiba yake ni kuizima na kuiwasha, alikuwa amekwisha kuinyoshea swichi kidole. Miaka miwili nyuma, kule Geita, kuifunga na kuiwasha programu ndiko kulikoniletea sifa. Na tendo hilo hilo saa ile lingekuwa maangamizi, kwa sababu programu ya mizani ilikuwa ingali imelifungua lile daftari, na pindi ingefungwa, mshikaji wa mwisho angekuwa ameachia.

Niliomba mizani isimame, isizimwe. Niliuliza kwa lsof, nikaliona daftari limeandikwa kwamba limefutwa, nikaiona namba ya mchakato ulioshika na namba ya kishikio chake. Katika Linux kila mchakato ulio hai una chumba chake chini ya saraka iitwayo /proc, na humo, katika kijichumba kiitwacho fd, vishikio vyake vyote vimepangwa kwa namba. Nilikiendea kile kishikio, nikanakili yaliyomo, nikayaweka mahali salama, nikayafungua. Mwezi mzima ulikuwamo, gramu kwa gramu. Yule karani kijana aliinamisha kichwa juu ya meza akalia, na hakuna aliyemcheka. Ibra niliyotoka nayo haikuwa kwamba kushikilia ni kubaya, kama nilivyodhani Geita, wala kwamba ni kuzuri; ilikuwa kwamba mwenye kutaka kufunga kitu hajui kama anaokoa au anaua mpaka amejua nani yumo ndani na ameshika nini.

Lakini chombo hiki kina mpaka wake, na asiyeujua huweza kumdhulumu mtu. Katika mwaka 2017, wakati wa kadhia ya makinikia, ambapo makontena 277 ya mchanga wa dhahabu wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, shaka ilienea katika mikoa yetu kama moshi wa kuchoma mbuga, na kila tajiri alimhisi karani wake kuwa anauza siri. Mmoja wao aliniita kwa faragha, akanitaka nimtajie anayefungua kitabu chake cha bei. Fundi wa kawaida akiuliza kwa lsof huonyeshwa kwa ukamilifu michakato yake mwenyewe tu. Lakini mimi nilipewa mamlaka ya juu kabisa ya mashine, ambayo humfunulia mtu vyumba vyote. Niliuliza usiku, wakati ofisi imefungwa, na jina la karani mmoja likatokea, amelishika faili la bei. Tajiri, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, alitoa simu ili amwite mlinzi.

Nilimwomba anipe muda wa kusoma mstari wote, kwa sababu yeye alisoma neno moja tu. Safu ya mtumiaji ilikuwa na jina la kijana. Lakini safu ya programu ilitaja ile inayotengeneza nakala za akiba kila usiku, ambayo fundi wa zamani, kwa uvivu wake, aliiwekea ratiba kwa jina la kijana huyo badala ya kuiundia jina lake yenyewe. Kijana alikuwa amelala nyumbani kwake. Fauka ya hayo, nilimweleza tajiri kwamba orodha ile ni picha ya dakika moja. Haisemi ya jana, haisemi nia ya mshikaji, na haisemi kama alilosoma alilipeleka kokote. Alirudisha simu mfukoni, lakini hakunishukuru, na sikuitwa tena katika ofisi ile. Sikujuta. Yule mzee wa Rwamgasa alihesabu viatu ili ajue wa kuwaokoa, na tangu usiku ule nimekuwa na hadhari na mtu anayetaka kuvihesabu ili ajue wa kumkamata.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu pale simu ilipolia tena, karibu na saa sita. Mpwa wangu alinisomea mstari wake herufi kwa herufi, kama mtoto asomaye mbele ya mwalimu: faili la matukio, limefutwa, limeshikwa na programu ya mauzo. “Niiue, mjomba?” aliniuliza, kwa maana hilo ndilo neno la mafundi, na ipo amri ya kumaliza mchakato papo hapo pasipo kuupa nafasi ya kuweka sawa kazi zake. Nilimwuliza kama duka limefunga hesabu. Alisema bado, kulikuwa na wawili wanaingiza mzigo wa kamba na buti ulioshushwa jioni. Nikamwambia awangoje wamalize, kisha aitake programu ifunge yenyewe kwa hiari, na aiwashe upya.

Alilalamika kwamba usiku umekwenda sana, nami nikakubaliana naye. Jogoo wa kwanza alikuwa hajawika nilipopokea ujumbe wake mfupi: “Wametoka wote, mjomba. Nimefunga.”